Ndama akikosa dang'a hufa, mtoto wa binadamu akachelewa ziwa akapona: kwa nini?

Swali: "Daktari, shikamoo. Nafuga ng'ombe wawili wa maziwa hapa Njombe, chotara wa Friesian. Mwaka jana mmoja alizaa saa tano usiku, ndama dume, mzima kabisa. Nikawaacha pamoja bandani, nikaenda kulala. Asubuhi nilikuta ndama amelala, kiwele kimejaa na chuchu ni kavu. Nilikuwa na safari, kwa hiyo nilimkamua mama jioni na kumpa ndama lita moja na nusu kwa chupa. Siku ya nne akaanza kuhara, siku ya sita akafa. Mwezi huohuo mke wangu alijifungua kwa upasuaji na mtoto wetu alikaa karibu siku nzima kabla ya kunyonya. Leo anatembea. Jirani anasema ndama alikufa kwa kukosa mapema dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza baada ya kuzaa. Kama ni hivyo, mbona mtoto wetu hakupata neno? Maziwa si ni maziwa? Na wanyama wa porini, ambao hawana wa kuwashikia chupa, wao hufanyaje? Sasa nina mtamba, hajawahi kuzaa, mwenye mimba ya miezi sita, sitaki yajirudie."

Marahaba, ndugu yangu. Pole kwa ndama, na hongereni kwa mtoto.

Kwa maelezo uliyotoa, naona jirani yako amesema kweli. Ndama azaliwe mzima, akose dang'a usiku kucha na mchana kutwa, ahare siku ya nne, afe siku ya sita: huo ndio mwendo wa ndama aliyekosa kinga. Lakini swali lako kuhusu mtoto ndilo lililonifanya niandike kwa kirefu, maana wafugaji wengi husimulia kifo cha ndama na kuishia hapo. Ng'ombe na binadamu wote hubeba mimba miezi tisa. Katika miezi hiyo mke wako alikuwa akimpa mtoto kitu ambacho ng'ombe wako hakuweza kumpitishia ndama akiwa tumboni.

Kitu hicho ni kingamwili, zile protini za damuni zinazotambua vijidudu na kupambana navyo. Kila mama amejikusanyia za kwake kutokana na magonjwa aliyokutana nayo na chanjo alizopata. Kwa binadamu, kondo la nyuma limezama ndani ya ukuta wa mji wa mimba kiasi kwamba damu ya mama huliosha moja kwa moja, na lina vipokezi maalumu vinavyokamata kingamwili na kuzivusha kwenda kwa mtoto. Kazi hiyo hushika kasi katika miezi mitatu ya mwisho. Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa akiwa na kingamwili za aina ya IgG kwa kiwango kinacholingana na cha mama, na mara nyingi hata kukizidi. Mtoto njiti huambukizwa kwa urahisi, na sababu mojawapo ni kwamba ametoka kabla ya kupokea mgawo huo.

Kondo la ng'ombe limeshikamana na mji wa mimba kwa vile vifundo vyekundu unavyoviona linapotoka. Hapo damu ya mama na damu ya ndama hutenganishwa na tabaka kadhaa za chembe hai. Hewa safi na sukari hupita, lakini kingamwili ni kubwa mno, hazipiti. Ndama wako alizaliwa akiwa na moyo, mapafu, miguu na kwato zilizokamilika, ila damu yake ilikuwa karibu tupu upande wa kinga. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mbuzi, kondoo, nguruwe, farasi na punda, na porini kwa nyati, nyumbu na twiga. Mbwa na paka wako katikati: kidogo hupita kwenye kondo, sehemu kubwa hungoja maziwa.

Sasa angalia ng'ombe anavyolipa deni hilo. Wiki chache kabla ya kuzaa, kiwele huanza kuvuta kingamwili kutoka kwenye damu ya mama na kuzilundika. Dang'a nzuri huwa na gramu 50 au zaidi za kingamwili katika kila lita, wakati maziwa ya kawaida huwa na takriban gramu 1 au pungufu. Ule uzito wake na rangi ya manjano hutokana na protini, mafuta na vitamini A vilivyojaa humo. Ndama akinywa lita tatu za dang'a ya namna hiyo, amekunywa gramu 150 za kinga ambayo mama yake ameijenga maisha yake yote.

Kuinywa peke yake hakutoshi, lazima ifike kwenye damu. Mtu mzima akila protini, tumbo huikatakata vipande vidogo kabla ya kuipokea, na kingamwili iliyokatwakatwa haina kazi tena. Ndama amepewa nafasi ya pekee: katika saa za kwanza chembe za utumbo wake mwembamba humeza protini nzima nzima na kuzipitisha hadi kwenye damu, asidi ya tumbo bado ni kidogo, na ndani ya dang'a yenyewe mna vitu vinavyozuia protini zisimeng'enywe. Nafasi hiyo ni kama kivuko kinachoondoka kwa ratiba yake. Uwezo wa kupitisha huwa mkubwa kabisa mara tu anapozaliwa, hupungua waziwazi baada ya saa 6, na ifikapo saa 24 chembe zile zimeshabadilishwa na nyingine zisizopitisha. Baya zaidi ni kwamba utumbo huo ulio wazi hauchagui. Ndama akilamba kinyesi au kunyonya chuchu yenye matope kabla ya dang'a kufika, bakteria nao hupata njia.

Kwa hiyo ndama wako alipungukiwa mara tatu kwa siku moja. Dang'a ilimfikia jioni, saa kumi na nane au zaidi baada ya kuzaliwa, utumbo ukiwa umekaribia kufunga. Ilikuwa lita moja na nusu tu, wakati ndama wa kilo 35 anahitaji kiasi cha asilimia 10 ya uzito wake, yaani lita tatu na nusu hivi, katika mlo wa kwanza. Tena dang'a yenyewe ilikuwa imeshapungua nguvu, kwa sababu baada ya kuzaa kiwele huanza kutengeneza maziwa ya kawaida juu yake na kuzimua zile kingamwili kila saa inayopita. Ulimpa chakula, ndiyo, na kilimsaidia kuishi siku zile. Kinga ilikuwa imempita.

Usielewe kutokana na hayo kwamba dang'a ya mama wa binadamu haina maana. Ina kazi nyingine. Kingamwili zake nyingi ni za aina ya IgA, ambazo hazipelekwi kwenye damu. Hubaki zimepaka ukuta wa koo, tumbo na utumbo, na kuzuia vijidudu visishike. Mtoto wako alikuwa na akiba ya damuni kutoka tumboni, akapata ulinzi wa utumbo baadaye kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye ndani ya saa moja ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Baada ya upasuaji kuchelewa hutokea sana kwa sababu ya dawa na maumivu, lakini siku hizi wakunga wengi humweka mtoto kifuani mapema hata mama akiwa bado amelala chali. Mkijaliwa mtoto mwingine, liombeni hilo. Na zile maziwa za manjano za siku za kwanza, ambazo bado kuna bibi wanaoamuru zikamuliwe na kumwagwa kwa kuwa eti ni chafu, zisimwagwe hata kidogo.

Pengine unajiuliza kwa nini ndama hakunyonya mwenyewe, ilhali mama alikuwa naye usiku kucha. Hapa lawama ni ya kiwele. Ndama mchanga hutafuta chuchu kwa kupapasa chini ya tumbo la mama akielekea juu, kwenye kona zilizo na joto na ngozi laini. Kiwele cha ng'ombe wa asili ni kidogo na kiko juu, panapolingana na pua yake. Kiwele cha Friesian mkubwa kimeshuka hadi kwenye magoti, na ndama hutafuta juu ya mahali penyewe mpaka anachoka na kulala. Binadamu ndiye aliyechagua viwele vikubwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya maziwa mengi, basi na kazi ya kumwongoza ndama imekuwa ya binadamu.

Mama naye ana sehemu yake. Maziwa hayamwagiki tu kwa kuwa yapo. Ndama anapogusa chuchu, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo, na tezi iliyo chini ya ubongo hutoa homoni ya oksitosini kwenye damu. Ndani ya dakika moja au mbili hufika kwenye kiwele na kuvibana vifuko vidogo sana vilivyobeba maziwa, nayo yakashuka. Ng'ombe akiogopa, akipigwa au akiwa na maumivu, homoni ya hofu huizuia kazi hiyo. Kwa ng'ombe wa maziwa wa kigeni, kama sehemu moja ya tano ya maziwa hukaa tayari kwenye uwazi ulio juu ya chuchu. Yaliyobaki yote yanasubiri oksitosini. Ng'ombe wetu wa asili uwazi huo ni mdogo zaidi, ndiyo maana wafugaji wa Kimasai na Kisukuma humwacha ndama anyonye kwanza ndipo wakamue. Mwanamke hana uwazi wa namna hiyo kabisa. Ila yeye anaweza kushusha maziwa kwa kusikia tu kilio cha mwanawe, na akina mama wengi watakueleza jinsi gauni linavyolowa ghafla.

Homoni ya pili, prolaktini, ndiyo inayoamuru maziwa yatengenezwe. Kazi hiyo ni nzito: ili kiwele kitoe lita 1 ya maziwa, lita 400 hadi 500 za damu huwa zimepita humo. Na kiwele kinachobaki kimejaa hujiambia chenyewe kipunguze. Mama anayeona maziwa hayatoshi akaanza kumpa mtoto chupa, ataona yanazidi kupungua. Dawa ya kwanza ya maziwa machache ni kunyonyesha mara nyingi zaidi, na mama mwenyewe ale, anywe maji na apumzike.

Sasa lile la "maziwa si ni maziwa". Sivyo, ndugu yangu, na tofauti zake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Maziwa ya ng'ombe yana protini mara tatu ya maziwa ya binadamu, kwa sababu ndama anapaswa kuongeza uzito wa kuzaliwa mara mbili kwa mwezi mmoja na nusu hivi, wakati mtoto wetu huchukua miezi kama mitano. Maziwa ya mama wa binadamu ni mepesi, yana protini kama asilimia 1 na sukari ya laktosi asilimia 7, ambayo ni nyingi kupita ya wanyama walio wengi. Ni maziwa ya kiumbe anayekua polepole, anayebebwa, anayenyonya usiku na mchana, na ambaye ubongo wake unakula kuliko misuli. Kwa sababu hiyo hatumpi mtoto wa chini ya mwaka mmoja maziwa ya ng'ombe badala ya ya mama: figo zake huelemewa na protini na chumvi, na madini ya chuma humo ni machache mno. Wa kwako ameshaanza kutembea; akitimiza mwaka anaweza kunywa, yaliyochemshwa.

Porini tofauti hizo huonekana wazi zaidi, na kila moja ina sababu. Faru mweusi huwa na maziwa yasiyo na mafuta karibu kabisa, kama asilimia 0.2, kwa kuwa mwanawe hufuatana naye muda wote na hunyonya apendavyo kwa zaidi ya mwaka. Kinyume chake ni sili fulani, mnyama wa baharini, wa barafu za kaskazini ya Atlantiki, ambaye kichwani mwa dume lake kuna mfuko unaovimba. Yeye huzaa juu ya barafu inayopasuka wakati wowote, kwa hiyo hunyonyesha siku 4 tu na kuondoka. Maziwa yake yana mafuta kama asilimia 60, na mtoto huzaliwa na kilo 20 na ushei akaachishwa akiwa amezidisha mara mbili.

Wa kwetu wa pwani ni nyangumi wa nundu. Kuanzia mwezi wa saba hadi wa kumi hivi hupita Msumbiji, Zanzibar na Watamu wakitoka bahari za kusini zenye baridi, kuja kuzaa na kunyonyesha kwenye maji ya joto. Mama hali chochote cha maana muda huo wote, anaishi kwa mafuta yaliyo chini ya ngozi yake na humpa mtoto sehemu yake. Chuchu zake zimefichwa ndani ya mikunjo ya ngozi ili zisimzuie kuogelea. Mtoto anapogusa hapo, misuli ya mama husukuma maziwa mazito mdomoni mwake. Hana nafasi ya kunyonya taratibu, maana ni lazima apande juu kuvuta pumzi.

Kangaruu wa Australia ndiye anayenifurahisha kuliko wote kwa swali kama lako. Mimba yake ni ya mwezi mmoja na kitu, na mtoto huzaliwa hajafika hata gramu 1, kipofu, bila manyoya. Hutambaa mwenyewe hadi ndani ya mfuko, akashika chuchu na kubaki ameing'ang'ania kwa miezi. Kazi ambayo mke wako aliifanya kwa kondo, kangaruu huifanya kwa maziwa, yanayobadilika kadiri mtoto anavyokua. Huweza kuwa na mdogo mfukoni na mkubwa aliyekwisha kutoka anayerudi kunyonya, kila mmoja na chuchu yake, na chuchu hizo mbili zikatoa maziwa ya aina mbili kwa wakati mmoja. Yuko na platipasi, mnyama wa hukohuko Australia mwenye mdomo kama wa bata, anayetaga mayai kisha akanyonyesha. Hana chuchu. Maziwa hutoka kwenye ngozi ya tumbo na watoto huyalamba manyoyani. Wataalamu wengi huamini kwamba maziwa yalianza hivyo, kama unyevu wa tezi za ngozi, zamani sana kabla ya kuwepo wanyama wanyonyeshao wanaozaa badala ya kutaga.

Ukiwapanga wote hao, utaona jambo moja ambalo ndilo jibu la swali lako zima: maziwa ya kila mnyama huanzia pale mimba yake ilipoishia. Kondo likipeleka kinga, maziwa hayalazimiki kuibeba hadi kwenye damu. Kondo lisipoipeleka, dang'a ni sehemu ya mimba iliyobaki nje.

Umeuliza nani anawasaidia wa porini. Nyumbu wa Ndutu, kusini mwa Serengeti, huzaa kwa maelfu katika wiki chache, kilele kikiwa mwezi wa pili, na ndama husimama ndani ya dakika chache. Anayechelewa hapati dang'a, au haoni hata saa ya kuikosa, kwa sababu fisi wapo. Kwa hiyo si kwamba wa porini hawafi kwa kukosa kinga. Wanakufa, na hatuwaoni. Waliobaki ni uzao wa wale waliosimama upesi na wa mama wenye viwele vinavyofikika.

Swala tomi ana njia nyingine: humficha mtoto kwenye nyasi na kumrudia mara chache kwa siku, ili asimvutie adui. Mbuzi wako ana mabaki ya tabia hiyo, ndiyo maana mwanambuzi hulala kimya kichakani huku mama akila mbali. Sungura hupita kiasi: hunyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika tatu hadi tano, kisha huwaacha. Wafugaji wa sungura huniletea malalamiko kwamba jike amewakataa watoto. Watazameni matumbo asubuhi. Yakiwa ya mviringo na yamejaa, hakuna aliyekataliwa.

Simba jike wa kundi moja mara nyingi huzaa kwa kukaribiana na huwaachia watoto wa wenzao wanyonye. Fisi hakubali. Jike wa Serengeti huenda mbali kufuata nyumbu, akawaacha watoto pangoni hata siku kadhaa, na akirudi hunyonyesha wa kwake tu, kwa maziwa mazito yenye protini na mafuta mengi, kwa zaidi ya mwaka mmoja. Sokwe wa Gombe hunyonyesha miaka minne au mitano, na katika muda huo kwa kawaida hapati mimba nyingine.

Na tembo. Matiti yake mawili yako kifuani, kati ya miguu ya mbele, na mtoto hunyonya kwa mdomo huku mkonga ameutupa pembeni. Nairobi, Daphne Sheldrick, aliyefariki mwaka 2018, alihangaika miaka mingi na ndama wa tembo yatima waliokuwa wakifa kila walipopewa maziwa ya ng'ombe, kwa sababu matumbo yao hayakuyaweza mafuta yake. Kilichowaokoa ni maziwa ya unga yaliyotiwa mafuta ya nazi, yanayokaribia zaidi mafuta ya maziwa ya tembo. Mtu yeyote anayedhani maziwa ni maziwa namsimulia kisa hicho.

Turudi Njombe, kwa mtamba wako. Ana kama miezi mitatu mbele yake, na hiyo ni muda wa kutosha.

Mtamba huwa na udhaifu mmoja: amekutana na magonjwa machache kuliko ng'ombe mkubwa, hivyo dang'a yake mara nyingi huwa haba na yenye kingamwili pungufu. Usimtegemee yeye peke yake. Ulizia mapema ng'ombe wa jirani anayetarajia kuzaa kabla yake, mkubwa, aliyepimwa akaonekana hana ugonjwa wa kutupa mimba wala kifua kikuu, maana magonjwa hayo yanaweza kupita kwenye maziwa. Omba lita tatu au nne za mkamuo wa kwanza kabisa. Wa pili huwa umeshapungua nguvu. Gawanya kwenye chupa safi za lita moja na kuzigandisha kwenye friza, na zitadumu hata mwaka. Wakati wa kuzitumia, ziyeyushe ndani ya maji ya uvuguvugu ambayo mkono wako unaweza kukaa bila kuungua. Ukizichemsha, kingamwili zinaiva na kazi imekwisha.

Mlete mtamba kwenye banda atakalozalia wiki nne kabla, ili mwili wake ukutane na vijidudu vya hapo na kuvitengenezea kinga itakayoingia kwenye dang'a. Kama afisa mifugo wa kata anashauri chanjo kwa eneo lenu, hicho ndicho kipindi chake. Mlishe vizuri, asikose madini wala maji, na usijaribu kumkamua kabla hajazaa, hata kiwele kikivimba, mpaka mtaalamu akuambie. Mzoeshe kuguswa kiwele na kuoshwa chuchu kuanzia sasa, kwa upole, ili siku ile asiogope mkono wako na kuzuia maziwa.

Ndama akitoka, safisha pua, mwache mama amlambe, tia kitovu tincha ya ayodini. Osha na kukausha chuchu, kisha kamua dang'a ndani ya saa mbili za kwanza bila kujali kama umemwona ananyonya, maana kuona mdomo kwenye chuchu si kujua amemeza kiasi gani. Mpe lita tatu hadi tatu na nusu kwa chupa, taratibu, akiwa amesimama na shingo ameinyoosha kama anavyofanya kwenye kiwele. Akinyonya hivyo, mfereji ulio mwisho wa koo hujikunja na kuyapeleka maziwa moja kwa moja kwenye tumbo la nne yanakoganda na kumeng'enywa. Ukimmiminia kwa nguvu yanaweza kuingia kwenye mapafu. Dang'a ya mtamba ikiwa haitoshi au ni nyepesi, ndipo unapotoa chupa za jirani. Rudia lita mbili kabla ya saa 12 kupita, halafu endelea na dang'a siku tatu zote, usiuze wala kumwaga.

Akikataa kunyonya kabisa kufikia saa nne tangu kuzaliwa, mpigie daktari au afisa mifugo saa hiyohiyo aje na mpira wa kumlishia. Usiujaribu mwenyewe kama hujafundishwa. Ikitokea tena mkachelewa mpaka siku ya pili, mpe dang'a hivyohivyo, kwa kuwa itapaka utumbo hata kama haifiki kwenye damu, mweke mahali pakavu peke yake, na uwe na dawa ya kuongeza maji na chumvi ndani ya nyumba kabla ya siku ya nne, kwa sababu ndama anayehara huuawa kwanza na kukaukiwa maji.